Kisanduku cha Irindi na Ufunguo Wake Mmoja

Sogeeni karibu. Mwenye kiti akae, asiye na kiti asijifanye hajaiona nafasi hapa chini. Na wewe uliyeshika simu, iweke mfukoni. Hadithi inaihusu, lakini haihitaji msaada wake. Hii si hadithi ya kulalia, ni hadithi ya kugombania. Mwisho wake kuna swali, na atakayejibu "sijui" ndiye atakayeosha vikombe.

Haya. Katika milima ya Upare palikuwa na kijiji kikiitwa Irindi, kimezama bondeni kiasi kwamba mawimbi ya simu yalipita juu yake yakaenda kwa wengine. Watu wa Irindi walijua vitu viwili kuliko dunia nzima, na walikuwa wa kwanza kukwambia hivyo: tangawizi na maji. Tangawizi waliilima kwenye ngazi zilizochongwa ubavuni mwa mlima. Maji waliyagawana kwa zamu kutoka kwenye ndiva, yaani bwawa lao la mawe na udongo, ambalo hufungwa jioni ili lijae na kufunguliwa asubuhi likamwagilie mashamba.

Mwenyekiti wa mfereji alikuwa mama mmoja, Namkunda, mjane, mwenye ngazi tano za tangawizi na ulimi usiokopesha. Mshike vizuri huyo, kwa sababu mzigo wote wa hadithi hii utamwangukia yeye.

Na palikuwa na watu watatu wenye vipaji.

Wa kwanza ni Nakijwa, binti wa marehemu kaka yake Namkunda. Kipaji chake kilikuwa kufungua. Mlango wake ulikuwa wazi, sufuria yake wazi, mdomo wake ndiyo usiseme. Ukimpa siri asubuhi, mchana unakutana nayo njiani imenenepa.

Wa pili ni Mzee Mrutu, shemeji yake Namkunda. Kipaji chake kilikuwa kugawa. Miaka ishirini na miwili alisimama kwenye ndiva na fimbo yake ya kupimia maji, na hakuna aliyewahi kumwagilia shamba kwa zamu ya mwenzake. Angeweza kugawa ndizi moja kwa watoto saba, na wote wakashukuru.

Wa tatu ni Tumsifu, fundi redio. Kipaji chake kilikuwa kufunga. Kibanda chake kilikuwa na kufuli tatu mlangoni, na ukiingia ndani unakuta redio moja, nayo haiongei.

Basi siku moja wakaja watu wa shirika fulani, wakasimika mlingoti juu ya kilima, wakaufungia sola na kisanduku cha chuma. Kutoka ndani ya kisanduku hicho, intaneti ikashuka kijiji kizima. Wakaacha ufunguo mmoja. Ufunguo huo ndio uliowasha na kuzima, na ndio uliofungua kile kijimlango cha kuamua nani aingie na nani asiingie. Wakasema, "Baada ya mavuno tutarudi kuandika jina la mtu mmoja atakayeushika. Mmoja tu. Kwa sasa saidianeni." Wakapanda gari lao wakaenda.

Sasa Irindi hawakuwa wajinga. Walikuwa wamepewa kitu kinachotoka juu, kinachoshuka kwa wote, na kinachopungua wakikitumia wengi. Wakatazamana. Kitu cha namna hiyo si wanakijua tayari, kama maji? Wakampelekea Mzee Mrutu ufunguo.

Mrutu akapanga zamu. Nyumba za juu asubuhi, nyumba za chini alasiri, kupishana siku. Na jua lilipoanza kuegemea mlima, akapanda kilimani na ufunguo, akazima.

Nakijwa akamfuata mbio, kanga mkononi. "Mzee, mbona umezima?"

"Nimeifunga ijae."

"Ijae?"

"Mmeitumia kutwa nzima. Kesho asubuhi mtachota nini?"

"Intaneti haijai, Mzee Mrutu!"

"Ndiyo maana inakatikakatika," alisema Mrutu kwa upole. "Hamuipi nafasi ya kujaa."

Asubuhi akafungua, nayo ikaenda mbio kama imenyweshwa uji wa moto. Wakati huo walikuwa wameamka watu wanne tu, lakini hilo nani alihesabu? Mrutu akachomoa ufunguo. Alikohoa kidogo akashuka zake. Tangu siku hiyo kisanduku kikawa kinafungwa kila jioni.

Mnacheka. Cheka, cheka. Hebu wewe uliyesoma mpaka ukavaa joho, niambie ikizimwa inakwenda kulala wapi. Haya. Tuendelee.

Mwezi wa tatu, Namkunda alipanda kwenye ngazi yake ya pili akakuta majani ya chini yamegeuka manjano, yamejikunja kama sikio la mbuzi mgonjwa. Akashika shina. Likang'oka bila ubishi, na kitako chake kilikuwa laini, kinatoa harufu. Alikaa chini palepale. Tangawizi ya Irindi ilikuwa ya ukoo mmoja. Mbegu walipeana wenyewe tangu enzi za bibi zao. Ikioza ya kwako, ya jirani inasubiri zamu. Na msimu ukipotea, mbegu imepotea, na mbegu ikipotea, Irindi inabaki kuwa bonde la watu wanaojua maji.

Hapo ndipo vipaji vikaanza kazi.

Nakijwa alipiga picha. Jani, shina, kitako, na kidole cha shangazi yake kikionyesha. Kijiji kilikuwa na ukurasa wake, aliutengeneza yeye, na aliuacha wazi: yeyote aliyeunganisha simu yake chini ya mlingoti aliuona. Paswedi hakuiweka. Tumsifu alilalamikia hilo kila siku, naye kila siku alimjibu, "Kwani mgeni akipiga hodi unamuuliza paswedi?" Basi juu ya mwamba ulio pembeni ya kijiji alikuwa amekaa Lemburis, mwuza mbuzi kutoka tambarare, anakula intaneti ya bure. Akaiona picha. Yeye na tangawizi walikuwa wanakutana kwenye chai tu, lakini alikuwa na namba ya daktari wa mifugo. Akamtumia. Daktari wa mifugo akamtumia mwenzake wa mimea, mama mmoja anaitwa Adelina, mtafiti wa magonjwa, mbali sana na Irindi. Na Adelina akaandika moja kwa moja kwenye simu ya Namkunda, kwa namba iliyokuwa chini ya picha: "Mama, nahisi naujua ugonjwa huu. Lakini sitaki kubahatisha. Nataka nione kwa macho yangu, kwa simu ya video, mkiwa shambani. Nina nafasi Alhamisi saa nne tu."

Bila mlango wa Nakijwa kuwa wazi, picha ile ingekufa Irindi pamoja na tangawizi yake.

Sasa Alhamisi. Kisanduku kile, watu kumi wakikitumia, kinapumua. Watu mia wakikitumia, simu ya video inakuwa picha ya mtu aliyefumba macho na mdomo wazi. Na Alhamisi hiyo kila nyumba ilikuwa na la kwake. Kulikuwa na kipaimara kanisani, ndugu walio mbali wanataka kuonyeshwa. Binti yake Mrutu mwenyewe alikuwa anasailiwa kazi kwa video, saa nne ileile.

Mrutu akapita nyumba kwa nyumba na fimbo yake. "Saa nne hadi saa tano ni zamu ya shamba la Namkunda. Zimeni."

"Na kipaimara, mzee?"

"Roho Mtakatifu hahitaji intaneti. Zima."

Alipofika kwake, binti yake alikuwa ameshavaa blauzi nyeupe na kuchana nywele. Mrutu aliegemeza fimbo mlangoni. Kisha akasema, "Na wewe, mwanangu." Yule binti akazima. Kazi ile haikusubiri.

Basi saa nne Adelina akamwona Namkunda wazi kama wamekaa jikoni pamoja. Akamwambia akate shina gonjwa, alitumbukize kwenye glasi ya maji masafi, asitingishe. Namkunda akafanya. Wote wakakodoa macho. Kutoka kwenye shina ukashuka uzi mweupe, mwembamba, kama maziwa yanayomwagwa kwa tone.

"Ndiyo wenyewe," alisema Adelina. "Sikilizeni. Huu unasafiri na maji na udongo. Maji yaliyopita kwenye ngazi gonjwa yasiguse ngazi nzima. Ng'oeni iliyougua na inayoizunguka, mchome. Majembe yaoshwe. Iliyo mbali na hiyo msiiguse, ni nzima, na ndiyo mbegu yenu."

Bila zamu ya Mrutu, uzi ule usingeonekana, na Adelina asingethubutu kusema.

Mnaona inakwenda vizuri? Msifurahi haraka, mtaaibika.

Picha wazi huonwa na wote. Waliiona pia, pamoja na jina la Adelina ambalo Nakijwa alikuwa ameshalitangaza ukurasani, watu ambao hawakuwa na shida na ugonjwa. Shida yao ilikuwa tangawizi. Ijumaa jioni, dakika chache kabla ya Mrutu kufunga kisanduku, uliingia ujumbe kwenye simu ya katibu wa kijiji. Una picha ya Adelina, una jina lake, una adabu zake zote: "Ndugu zangu, vipimo vimerudi. Ugonjwa umeenea. Ng'oeni tangawizi yote ya kijiji, nzima na mbovu. Kesho saa sita lori la serikali litafika njia panda kuibeba ikateketezwe."

Katibu akabonyeza kuusambaza kwenye grupu la simu la kijiji kizima. Ukagoma. Mrutu alikuwa ameshaifunga ijae.

Asubuhi kisanduku kilipofunguliwa ujumbe ukaingia, na mtu wa kwanza kuzipitia jumbe za grupu alikuwa Tumsifu. Hakuchaguliwa na mtu, alijichagua. Alikuwa ameweka kizuizi, ujumbe wowote unaotoka nje hauendi kwa wengine mpaka yeye auone. Akausoma mara moja, akasoma mara ya pili, akaenda kutazama akaunti ulikotoka. Ilikuwa imefunguliwa jana. Akaushikilia ujumbe, akafunga grupu lote, akaanza kumtafuta Adelina kwa namba ile ya kwanza.

Kufikia saa tatu uvumi ulikuwa umeshatoka kwa katibu kwa miguu, na watu walikuwa na majembe begani. Wakajaa mbele ya kibanda chenye kufuli tatu.

Namkunda ndiye aliyegonga. "Tumsifu! Fungua hilo grupu tusome wenyewe!"

"Subiri, mama."

"Mimi nasubiri, tangawizi inasubiri? Wewe umezoea kufunga mlango usio na kitu, leo unataka kutufunga na sisi?"

Watu wakacheka. Ilipita saa nzima ya matusi, na Irindi kwa matusi hawahitaji mafunzo. Kisha Tumsifu akatoka, akainua simu, akaweka sauti juu. Ilikuwa sauti ya Adelina: "Sijatuma ujumbe wowote! Msing'oe! Msing'oe iliyo nzima!"

Watu wakashuka njia panda. Lori lilikuwepo, maturubai tayari. Dereva alipoona wanashuka watu wengi bila gunia hata moja, aliwasha injini kwa unyenyekevu akaondoka.

Bila kufuli ya Tumsifu, Irindi ingeng'oa mbegu yake kwa mikono yake, ikambebea mwizi mpaka garini.

Tangawizi ikapona. Mavuno yakaja. Na watu wa shirika wakarudi, na karatasi yao yenye nafasi ya jina moja.

Najua kuna mjanja hapo nyuma anataka kusema, "Si washike wote watatu?" Ndugu yangu, walijaribu kabla yako. Wiki mbili. Nakijwa aliondoa paswedi asubuhi, Tumsifu akairudisha mchana, Mrutu akapanda jioni akawazimia wote wawili. Kisha Tumsifu akabadilisha paswedi asimwambie mtu, na siku kumi na moja Irindi ilirudi kuwa Irindi ya zamani. Kwa hiyo mmoja. Tulia.

Desturi ya mfereji ni kwamba kura haipigwi kwa karatasi. Unakwenda kusimama nyuma ya mtu unayemtaka, mchana kweupe, jirani yako akikutazama. Nyumba za Irindi ni mia moja ishirini na nne, kila nyumba mtu mmoja. Watatu wakasimama ukingoni mwa ndiva, na kila mmoja akapewa nafasi ya kusema.

Nakijwa akasema, "Mkinipa mimi, mlango haufungwi. Hakuna paswedi, hakuna zamu. Mgeni atakaa mwambani kama zamani. Wezi wataingia, sikatai. Lakini msaada nao una njia hiyohiyo."

Mrutu akasema, "Mkinipa mimi, kila mtu atapata sehemu yake, si zaidi na si pungufu. Na jioni nitafunga. Mimi sijui mengi ya kitu hiki. Najua watu."

Tumsifu akasema, "Mkinipa mimi, kila simu itaandikwa jina. Asiye wa hapa hataingia. Na kila kinachoingia nitakiona kabla yenu." Akafikiri kidogo, akaongeza, "Mtanichukia, ila mtakuwepo."

Watu wakasogea. Vumbi lilipotulia, katibu akahesabu mistari. Arobaini na moja. Arobaini na moja. Arobaini na moja. Akarudia kwa kidole, akajikuta palepale. Aliyebaki katikati, peke yake, ni Namkunda, kwa sababu mwenyekiti husimama mwisho. Watu wa shirika wakamkabidhi ufunguo amkabidhi mshindi.

Mngemwona. Mwanamke aliyefokea kijiji miaka yote, sasa anageuzageuza ufunguo mkononi.

Alimtazama Nakijwa. Damu ya kaka yake. Huyu ndiye aliyemleta Adelina. Lakini huyuhuyu alikuwa ametandaza shamba la shangazi yake mbele ya ulimwengu, na lori likaja kwa kufuata kidole chake mwenyewe kwenye ile picha.

"Shangazi," Nakijwa alimwambia polepole, "usinipe kwa sababu ni mimi."

Alimtazama Mrutu, aliyemnyima binti yake kazi ili yeye aone uzi mweupe. Lakini Namkunda alikuwa anajua jambo moja ambalo hakuwa amemwambia mtu. Ule ujumbe wa kwanza wa Adelina ulifika Jumatatu jioni, kisanduku kimefungwa kinajaa. Jumanne haikuwa zamu ya nyumba za chini, na yake ni ya chini. Aliusoma Jumatano alasiri. Na Jumanne hiyo ilikuwa zamu yake ya maji. Chini ya ombi la Alhamisi, Adelina alikuwa ameandika: "Kwa sasa msimwagilie." Yeye alikuwa ameshamwagilia. Maji yalitoka ngazi ya pili yakashuka ya tatu, na ya nne. Ngazi tatu alizichoma kwa mkono wake.

Mrutu akakohoa. "Shemeji, kama kuna neno, sema."

Namkunda akahamishia ufunguo mkono wa pili.

Akamtazama Tumsifu. Kijana aliyevumilia matusi yake saa nzima ili amwokolee mbegu. Lakini tangu siku ya lori Tumsifu alikuwa ametandaza kizuizi chake mpaka kwenye kisanduku, anaona kila kinachoingia, na kwenye simu ya Namkunda, miezi hiyo, vilikuwa vinaingia pia vijibarua vitamu vya mjane mwenzake, mwanamume wa Gonja, mstaarabu, mwenye ng'ombe wawili. Hakuna aliyejua. Ila tangu wiki ile ya lori Tumsifu alikuwa akimwamkia kwa adabu iliyopita kiasi, akitazama viatu vyake. Hakutoa siri. Hajaitoa mpaka leo. Lakini anayo.

"Mama," alisema Tumsifu, akiangalia viatu vyake, "mimi nitaridhika na yeyote."

"Amua, mwenyekiti!" mtu akapiga kelele kutoka mstari wa Mrutu. "Jua linakwenda!"

"Muacheni apumue!" wakajibu wa mstari wa Nakijwa.

Wa mstari wa Tumsifu hawakusema kitu. Hao ni watu wa kusikiliza.

Na jueni hili kabla hamjafungua midomo yenu: ugonjwa ule ulikuwa umeshaonekana kijiji cha pili, na watu wake walikuwa wanakaa mwambani na simu zao kutafuta dawa. Lile lori nalo lilikuwa limeonekana tena barabara ya chini, limepakwa rangi mpya. Na simu za Irindi zilikuwa zimeongezeka, kisanduku kinahema kabla hata ya saa mbili. Atakayeshika ufunguo atakutana na yote matatu, kwa kipaji kimoja.

Namkunda akapiga hatua moja mbele. Mistari yote mitatu ikanyoosha shingo.

Mimi naishia hapo, msinivute shati. Sasa inukeni ninyi. Mwamba ule pale ni wa Nakijwa, mti huu wa Mrutu, na kile kizingiti cha Tumsifu. Mkisimama, mtu asitazame jirani amekwenda wapi. Haya, ufunguo uko mkononi mwako, mistari iko sawa, na kura iliyobaki ni ya kwako: unakwenda kusimama nyuma ya nani?